Mwendo Unaopotea Kwenye Boya

Slalomu ya ubao wa tanga ni mbio za kushuka na upepo. Washindani huvuka mstari wa kuanzia kwa pamoja, hukimbia mshazari hadi boya la kwanza, hugeuka, hushika mshazari wa upande wa pili hadi boya la pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Katika mashindano makubwa ya kulipwa kundi moja huwa na watu wanane, na mbio nzima huisha ndani ya dakika chache. Watazamaji wa ufukweni hupenda mistari iliyonyooka, ambako ubao umeshainuka na kuteleza juu ya maji, ukiyagusa kwa kipande kidogo cha nyuma na pezi lililo chini yake. Wanaoujua mchezo hutazama maboya. Kona moja mbaya hula mwendo ambao mstari mzima hauwezi kuurudisha, na hesabu ndogo inatosha kulionyesha hilo.

Wachukuliwe wanamichezo wawili wenye mwendo sawa kwenye mstari: kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kila sekunde. Wa kwanza anapogeuka, mwendo wake unashuka kwa sekunde 4 hadi kilomita 27 kwa saa, kisha unamchukua sekunde 8 kurudi ulipokuwa. Wa pili anashuka kwa sekunde 4 zile zile, lakini hafiki chini ya kilomita 36, na anaurudisha mwendo wake kwa sekunde 5. Ikiwa mwendo umeshuka na kupanda bila kurukaruka, wa kwanza ameachwa mita 45 nyuma ya mtu wa kubuni ambaye hakupunguza kabisa. Wa pili ameachwa mita 22 na nusu. Kati yao wenyewe, basi, kona moja imeweka mita 22 na nusu, sawa na sekunde moja na nusu. Kwa kona nne ni mita 90. Sasa ipimwe faida ya mstari. Anayekimbia kilomita 55 badala ya 54, kwenye mstari wa mita 400, huokoa nusu sekunde tu. Ndiyo maana aliyenunua tanga jipya la bei kali ili aipate ile kilomita moja hujikuta akitazama mgongo wa mwenye tanga kuukuu.

Kasi ya mstari ina rekodi zake na watu wake mashuhuri. Mwaka 2015, huko Lüderitz nchini Namibia, Mfaransa Antoine Albeau alikimbia mita 500 kwa wastani wa noti 53.27, karibu kilomita 98.7 kwa saa, katika mfereji uliochimbwa makusudi kwa kazi hiyo. Mfereji ule haukuwa na boya la kuzunguka. Kona haina sifa ya namna hiyo, na kwa muda mrefu haikuwa hata na kipimo kinachokubalika. Ilisemwa tu kwamba fulani anageuka vizuri.

Maji ya Ziwa Tanganyika yaliyo mbele ya mji wa Kalemie yamewahi kushuhudia kona iliyoamua jambo kubwa kuliko kombe. Tarehe 26 Desemba 1915, mji ulipokuwa ukiitwa Albertville, meli ndogo ya kivita ya Wajerumani iitwayo Kingani ilikuja kuchungulia kambi iliyokuwa karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ziliiacha ipite, kisha zikatoka nyuma yake. Mzinga wa Kingani ulikuwa umefungwa mbele na haukuweza kupiga nyuma; ili uwafikie waliokuwa wakiifukuza ilibidi chombo kizima kigeuke, na hakikuwahi kugeuka upesi wa kutosha. Mapigano yalikwisha kwa dakika zipatazo 11. Kingani ilitekwa, ikapewa jina Fifi, na Februari 1916 ikatumiwa kuifukuza na kuizamisha meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Vyombo vile vilikwenda kwa injini, si kwa tanga, lakini swali la siku ile ndilo swali la slalomu: nani anageuka na bado ana mwendo.

Upepo nao haukosekani. Kwa Waswahili wengi mchezo wa ubao wa tanga ni mambo ya pwani, ya Paje na Jambiani huko Unguja, au Diani upande wa Kenya, ambako watu hungoja kusi na kaskazi. Ziwa Tanganyika lina kusi yake. Katika kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, pepo za kusini-mashariki huvuma juu ya maji haya yenye urefu wa karibu kilomita 670, kwa nguvu ya kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini hata yale baridi ya chini yakapanda upande wa kusini. Kalemie iko ukingo wa magharibi, hivyo upepo huo huijia nchi kavu kwa mshazari. Hiyo ni heri kwa anayejifunza, kwa sababu anayeanguka husukumwa ufukweni, hapelekwi katikati ya ziwa. Shari yake ni mawimbi mafupi yanayofuatana bila nafasi. Msimu wa mvua ni habari nyingine: dhoruba huzuka ghafla, upepo hubadili upande ndani ya dakika chache, na namba zilizopimwa siku kama hiyo hazilingani na za siku nyingine yoyote, mbali na kwamba hakuna mwenye akili anayepaswa kuwa majini wakati huo.

Ili kona ipimwe, lazima kwanza ijulikane inadai nini. Kitu chochote kinachokwenda kwa mduara huhitaji kani ya kukivuta kuelekea katikati ya mduara. Kani hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, na hupungua kadiri duara linavyopanuka. Ubao unaokwenda mita 10 kwa sekunde katika duara lenye nusukipenyo cha mita 15 hudai mvuto wa pembeni unaokaribia theluthi mbili ya uzito wa mtu pamoja na vyombo vyake. Duara likibanwa hadi mita 10 kwa mwendo ule ule, mvuto hufikia uzito mzima, na mwanamichezo hulazimika kuinamia ndani ya kona kwa nyuzi zipatazo 45. Kani yote hiyo hutoka kwenye pezi na kwenye ukingo wa ubao uliozamishwa upande wa ndani. Ukingo ukizama kiasi, hukata maji na kuugeuza ubao; ukizama kupita kiasi, huwa breki. Kwa hiyo kona ya haraka si ile iliyobanwa sana. Wala si ile pana sana, maana njia yake ni ndefu na boya limeachwa mbali, na katika pengo hilo mwingine hupenya.

Katika slalomu ya kushuka na upepo kona haifiki nusu duara. Ubao huingia ukiwa nyuzi kama 120 kutoka upande upepo unakotokea, na hutoka kwa pembe hiyo hiyo upande wa pili, hivyo kugeuka kwenyewe ni nyuzi kama 120. Kwa nusukipenyo cha mita 15 hiyo ni njia ya mita 31, na kwa mita 10 kwa sekunde huisha kwa sekunde 3 na kidogo. Ndani ya sekunde hizo mguu wa nyuma hutolewa kwenye mkanda wake na kukanyaga ukingo wa upande unaokwenda upepo. Magoti hukunjwa na uzito husogezwa mbele ili mkia usizame. Tanga huvutwa karibu na kulazwa kuelekea maji ya ndani ya kona. Halafu huinuliwa, hupinduliwa kupita mbele, miguu hubadilishana nafasi, na mikono hushika upau wa tanga upande mpya. Mafundi hufanya haya kana kwamba ni jambo moja.

Kupindua tanga ndipo kona nyingi zinapofia, na sababu yake hueleweka vibaya. Mtu aliye juu ya ubao hapati upepo kama ulivyo ziwani. Hupata upepo uliochanganyika na mwendo wake mwenyewe. Ubao ukielekea sawasawa na unakokwenda upepo, kwa kilomita 30 kwa saa, na upepo ukiwa kilomita 32, tanga hupata kilomita 2 tu. Kwa muda huo mfupi limekuwa jepesi na hupinduliwa bila nguvu. Lakini kama mwendo umeshuka hadi kilomita 15, tanga lile lile hupigwa kwa nyuma na upepo wa kilomita 17, humvuta mtu mbele na mara nyingi humtupa majini. Anayepunguza mwendo kabla ya boya ili awe salama anajiongezea ile kazi aliyokuwa akiikimbia. Hili halionekani kwa macho ya ufukweni, ambako kona ya polepole hufanana na kona ya tahadhari. Huonekana kwenye namba.

Kifaa cha kwanza cha kupata namba ni saa ya kuhesabu sekunde. Bidoni tatu za lita 20, kamba na mawe mazito vinatosha: moja ni boya la kugeukia, nyingine mbili hufanya milango, mmoja mita 50 kabla ya kona na mwingine mita 50 baada yake. Anayepima husimama mahali ambapo macho yake yanaoanisha kila mlango na kijiti kilichosimikwa mchangani, na huhesabu muda wa mlango hadi mlango. Mkono wa binadamu huchelewa kwa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Tofauti inayotafutwa ni sekunde nzima au zaidi, kwa hiyo njia hii ya kimaskini si ya kudharauliwa. Tena inapima kile hasa ambacho mbio hukihesabu, yaani muda wote uliotumika kuingia, kugeuka na kutoka. Kasoro yake ni kwamba inasema kiasi kilichopotea bila kusema kilipotea wapi.

Kwa hilo hutumika kipokezi cha GPS. Kifaa hiki hupata mwendo kwa njia mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha ubishi mwingi. Njia ya kwanza ni kuandika mahali kilipo kila baada ya muda fulani, kisha kugawanya umbali wa kati ya nukta mbili kwa muda uliopita. Njia ya pili ni kupima jinsi mawimbi ya redio ya satelaiti yanavyobadilika marudio kutokana na mwendo wa kipokezi, jambo lililopewa jina la mwanafizikia Doppler. Mwendo hupatikana moja kwa moja, bila kupitia mahali. Kwenye mstari ulionyooka njia mbili hizi hupatana. Kwenye kona huachana. Nukta za kona huunganishwa kwa mistari iliyonyooka inayokata ndani ya duara, na mstari wa kukata ni mfupi kuliko njia iliyopitwa. Nusu duara iliyoandikwa kwa vipande vitatu hupungukiwa kwa zaidi ya asilimia 4. Mtu amegeuka vizuri, kifaa kinasema amezubaa. Mwendo wa Doppler hauna kasoro hiyo, na anga likiwa wazi kosa lake kwa kipokezi kizuri huwa chini ya kilomita moja kwa saa.

Jambo jingine ni idadi ya vipimo kwa sekunde. Simu nyingi za mkononi huandika mara moja tu kila sekunde. Kwa kilomita 36 kwa saa, hiyo ni nukta moja kila mita 10, na kona yote ya mita 31 huachiwa nukta tatu au nne. Bonde la chini kabisa la mwendo, ambalo huenda likadumu nusu sekunde, linaweza kuangukia katikati ya nukta mbili lisiandikwe kabisa. Kona mbaya hupewa sifa isiyoistahili. Vipokezi vya michezo vinavyoandika mara 5 au 10 kwa sekunde huonyesha bonde lenyewe. Kuna pia programu zinazolainisha mchoro ili upendeze machoni. Kwa kupima kona, ulainishaji huo ni uongo wenye sura nzuri na inafaa uzimwe.

Mahali pa kukivaa kifaa pana uzito kuliko bei yake. Saa ya kwenye kifundo cha mkono hupima mkono. Tanga linapopinduliwa mkono huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mruko huo huingia kwenye mwendo wakati ule ule bonde linapotafutwa. Juu ya bega, au mgongoni sehemu ya juu, kipokezi huona anga na hutulia zaidi. Kiunoni hakufai, kwa sababu mwili na maji huziba satelaiti mtu anapoinama. Kalemie iko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, na katika ukanda wa tropiki tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme huchafuka baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi ya satelaiti. Upepo mzuri wa ziwa ni wa mchana, kwa hiyo kero hiyo huwapata zaidi wanaopima jioni ya mwisho kabisa.

Kipimo cha kona kinachojulikana zaidi miongoni mwa wanaokimbia na GPS kinaitwa alfa. Huchukuliwa njia isiyozidi mita 500 yenye kona ndani yake, na sharti ni kwamba mwisho wa njia uwe ndani ya mita 50 kutoka mwanzo wake. Mtu huenda, hugeuka, hurudi karibu na alipoanzia, na wastani wa mwendo wa njia yote ndio alama yake. Ni mchezo mzuri. Hauhitaji boya wala mwamuzi, na watu walio kwenye maziwa tofauti wanaweza kushindana. Lakini kama mwalimu wa kona, alfa ni mvivu. Wale wanamichezo wawili wa mfano wa kwanza, mmoja akishuka hadi kilomita 27 na mwingine akibaki na 36, wangepata alfa ya kilomita 49.5 na 51.7 kwa saa. Pengo la kilomita 9 kwenye kona limefifia kuwa kilomita 2 na kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya mita 500 ni mstari. Mwenye kasi ya mstari akiongeza kilomita chache anaweza kuficha kona mbovu na kuwa juu kwenye orodha. Tena alfa ni ya kugeuka nusu duara, ilhali kona ya slalomu ya kushuka na upepo ni fupi zaidi.

Namba yenye kufaa kuliko zote ni sehemu ya mwendo iliyobaki. Huchukuliwa mwendo wa chini kabisa ndani ya kona na kugawanywa kwa mwendo wa kuingilia, uliopimwa sekunde mbili kabla ubao haujaanza kugeuka. Aliyeingia na 54 akashuka hadi 27 amebakiza nusu. Aliyeshuka hadi 36 amebakiza theluthi mbili. Kwa namba hii siku ya upepo mkali inaweza kuwekwa karibu na siku ya upepo wa wastani, na mtoto mwepesi akalinganishwa na mtu mzima. Ina mtego wake pia. Anayeingia polepole kwa makusudi hubakiza sehemu kubwa ya kitu kidogo. Kwa hiyo mwendo wa kuingilia huandikwa kando yake siku zote, pamoja na muda uliopita kabla ya mwendo kurudi. Na katika kona kumi zilizopimwa, ile ya katikati ndiyo ya kuaminiwa. Kona bora ya siku ni bahati iliyokutana na ujuzi, nayo huchukua nafasi kubwa mno katika masimulizi ya jioni.

Mchoro wa mwendo ukiwekwa pamoja na mchoro wa mwelekeo, ufundi huanza kusomeka. Kasi ya kugeuka, kwa radiani kila sekunde, hupatikana kutokana na GPS au kipimamzunguko kilicho ndani ya simu, na nusukipenyo cha kona ni mwendo uliogawanywa kwa kasi hiyo ya kugeuka. Mwendo ukiporomoka kabla mwelekeo haujabadilika, mguu wa nyuma umetua kwa kishindo na mkia umezama, au tanga limefunguliwa mapema. Ukishuka pole pole huku nusukipenyo kikizidi kupungua, ukingo umebanwa kupita kiasi. Wakati mwingine kugeuka husimama kabisa katikati ya kona kwa nusu sekunde, mchoro wa mwelekeo ukalala, kisha kukaendelea: hapo mtu amesimama wima wakati wa kubadilisha miguu na ubao umelala bapa, ukapoteza duara. Hii ndiyo kasoro ya wengi walio katikati ya safari ya kujifunza. Wenyewe huikana mpaka waonyeshwe.

Kona iliyo nzuri mpaka kupindua tanga, kisha ikafuatwa na bonde refu lililolala, ni kasoro ya mikono. Tanga limepinduliwa lakini halijashikwa likajaa upepo, na ubao unaishi kwa mwendo wa akiba. Hata kwa mafundi mwendo wa chini kabisa huwa hapa, baada ya kupindua. Tofauti yao na wengine ni urefu wa bonde. Wao hulivuta tanga mara mbili tatu kwa nguvu hadi ubao ushike mwendo tena, na uzito wao haurudi mkiani mpaka upepo umejaa.

Picha za video hukamilisha namba. Kamera ya ufukweni inayochukua picha 60 kwa sekunde inatosha, ilimradi saa yake ioanishwe na ya kipokezi. Njia rahisi ni mwanamichezo kuanguka majini kwa makusudi mbele ya kamera mara moja mwanzoni. Mwendo unaosimama ghafla huonekana kwenye mchoro na kwenye picha, na vitu viwili hivyo huunganishwa hapo. Video huonyesha pia kile ambacho mwendo pekee hausemi: umbali kutoka boya. Kanuni ya wazoefu ni kuingia mbali na boya na kutoka karibu nalo. Anayeingia karibu husukumwa nje wakati wa kutoka, na aliye nyuma yake hupita ndani, hupata upepo safi na kumwekea mwenzake kivuli cha tanga. Kona iliyobakiza robo tatu ya mwendo lakini ikatoka mita 15 nje ya boya imeshinda kipimo na kushindwa mbio.

Mambo yamebadilika kidogo tangu ujio wa pezi-bawa, yaani mlingoti mfupi wenye mabawa chini ya maji unaouinua ubao mzima hewani. Ubao wa tanga uliingia Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles, na katika michezo ya Paris ya mwaka 2024, iliyofanyika kwa upande wa matanga huko Marseille, chombo kilichotumika kilikuwa iQFOiL, chenye pezi-bawa. Ubao ambao haugusi maji hauna ukingo wa kuzamisha, kwa hiyo mwendo unaopotea kwenye kona ni mdogo zaidi. Hapo sehemu ya mwendo iliyobaki haitoshi kutenganisha watu, na hupimwa pia kama ubao ulibaki juu kona nzima au ulitua. Kutua mara moja hugharimu zaidi ya kasoro nyingine zote kwa pamoja.

Namba za Kalemie hazipaswi kuwekwa karibu na za pwani bila kurekebishwa. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya bahari, na hewa hapo ni nyepesi kwa karibu asilimia 7 kuliko ya Paje au Diani. Upepo wa kasi ile ile husukuma tanga kwa nguvu iliyopungua kwa kiasi hicho. Ili kupata msukumo ambao pwani hutolewa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ziwani huhitajika upepo wa kilomita 41 na nusu. Au, kwa upepo ule ule, tanga la mita za mraba 7 nafasi yake hushikwa na la 7 na nusu. Tanga kubwa ni zito kupindua, na hilo linaonekana kwenye bonde. Maji matamu nayo hubeba pungufu kidogo kuliko maji ya chumvi: mtu na vyombo vyenye kilo 100 huzamisha lita kama mbili na nusu zaidi. Ubao unaoteleza hausumbuliwi na hilo. Ulioishiwa mwendo baada ya kona mbaya husumbuliwa, maana ndipo mkia unapozama.

Lililo gumu zaidi kutenganisha ni maji na miguu. Wanaofanya mazoezi kwa kwenda na kurudi mbele ya mji, kwa upepo wa kusini-mashariki, hutoka kuelekea kaskazini-mashariki na kurudi kusini-magharibi. Kwa mpango huo kila kona ya ndani, karibu na ufukwe, ni ya kulia, mahali ambapo mawimbi yanaanza kuvunjika. Na kila kona ya nje ni ya kushoto, kwenye maji marefu. Mtu akikuta kwamba kona zake za kulia zinabakiza nusu na za kushoto theluthi mbili, hajui bado kama mguu mmoja una udhaifu au mawimbi ya ufukweni ndiyo yamemla. Hivyo vipimo vya pande mbili huandikwa kwenye safu mbili, kamwe havichanganywi katika wastani mmoja. Kisha, siku nyingine ya upepo huo huo, maboya huwekwa yote nje, kwa mistari mifupi ya kushuka na upepo, ili kona za kulia na za kushoto zifuatane katika maji yanayofanana. Tofauti ikibaki pale pale, kazi iko kwenye miguu, na mazoezi ya upande ule dhaifu huongezwa. Ikitoweka, ni mawimbi, na boya la ndani husogezwa mbali na ufukwe.